Si Kila Aliye Peke Yake Ni Yatima



Mwezi huu tumeletewa barua na kijana mmoja akaaye katika wilaya ya Biharamulo, upande wa barabara iendayo Ngara. Aeleza kwamba alfajiri moja, alipokuwa akienda kupalilia mahindi, alimkuta mtoto wa pongo amelala katika majani marefu pembeni mwa shamba. Alikuwa peke yake, hatikisiki wala halii. Kijana akamwonea huruma, akambeba mpaka nyumbani. Hapo nyumba ikagawanyika mafungu matatu. Mjomba wake alisema, "Mchinjeni upesi kwa jina la Mwenyezi Mungu, riziki haikataliwi." Wadogo zake walilia wakitaka afugwe pamoja na mbuzi. Bibi yake naye, aliyekuwa amekaa barazani akichambua maharage, alisema neno moja tu: "Mrudisheni alikotolewa, mama yake atamtafuta."

Kijana alimfuata bibi yake. Kabla ya magharibi alimrudisha yule mtoto pale pale alipomwokota, na kesho yake alfajiri akakuta majani matupu, bila damu wala alama ya fisi. Sasa atuuliza: "Je, katika hawa watatu ni nani aliyesema kweli? Na mimi niliyemwokota, nimepata thawabu au dhambi?"

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba bibi ndiye aliyesema kweli, na kijana amefanya vyema kumtii. Ama kuhusu kumwokota, tunatumai nia yake njema imeandikwa kwa wema. Lakini nia njema peke yake haimshibishi mtoto wa pongo. Yafaa tulieleze jambo hili kwa urefu, kwa kuwa wengi katika wasomaji wetu hukaa karibu na misitu na mbuga, na jambo lililomfika kijana huyu laweza kuwafika wao kesho.

Tuanze na dini yetu. Wazazi wengi wamewasimulia watoto wao habari ya mtu aliyeteremka kisimani akateka maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Kadhalika wamewasimulia habari ya mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha aende akajitafutie, naye akaadhibiwa kwa hilo. Lakini iko hadithi ya tatu isimuliwayo kwa nadra, nayo imo katika mkusanyo wa Abu Dawud. Masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.), wakamwona ndege mdogo mwenye makinda wawili. Wakawachukua wale makinda. Mama yao akaja akawa anapigapiga mbawa zake karibu na ardhi kwa uchungu. Mtume (s.a.w.) alipofika akauliza ni nani aliyemtia ndege huyu majonzi kwa ajili ya watoto wake, kisha akaamuru warudishwe kwake.

Tuizingatie sana hadithi hii, ndugu zetu. Wale Masahaba hawakuwa watu waovu, wala hatukuambiwa kwamba waliwapiga makinda wale au waliwanyima chakula. Na Mtume (s.a.w.) hakuwaambia, "Wafugeni vizuri." Aliwaambia wawarudishe. Basi huruma ya kwanza kwa mtoto wa mnyama ni kutomtenga na mama yake.

Sisi tuandikao ukurasa huu tunao ushahidi wetu wenyewe, wala si ushahidi wa kujivunia. Tulipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, katika vilima vya Ngara, tulimwokota mtoto wa nsya katika kichaka. Tulifurahi kana kwamba tumeokota dhahabu. Tulimlaza katika kikapu, tukamnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kitambaa, na watoto wa jirani wakaja kwa zamu kumshika. Siku ya pili alianza kuharisha. Siku ya tatu alikufa. Tulimzika kwa heshima, tukadhani tumetimiza wajibu. Kisha mchunga mbuzi mmoja akatuambia kwamba jioni ya siku ile ya kwanza, na ya siku iliyofuata, alimwona nsya jike akizunguka kichaka kile, akienda na kurudi, akinusa chini. Miaka mingi imepita, na maneno ya mchungaji yule hayajatutoka moyoni. Tulimwita yatima, kumbe sisi ndio tuliomfanya yatima.

Yapasa kila kijana ajue mpango ambao Muumba amewawekea wanyama hawa. Pongo, nsya, na wengi katika jamii ya swala hawatembei na watoto wao wachanga. Mama humficha mtoto katika majani au vichaka, naye huenda malishoni. Mtoto hujilaza kimya bila kutikisika, kwa kuwa ukimya wake ndio ngao yake. Mama hurudi kumnyonyesha, na humlamba mpaka awe safi. Pongo hata kinyesi cha mtoto wake hukila, ili chui na fisi wasipate harufu ya kuwafikisha hapo. Kwa hiyo mtoto wa pongo aliyelala peke yake, mwenye macho maangavu na mwili usio na jeraha, hakutupwa. Amewekwa amana, na mwenye amana yuko karibu. Mara nyingi hasogei karibu kwa sababu anatuona sisi tumesimama hapo!

Kwa hiyo mtu akimkuta wa namna hiyo, afanye haya. Asimguse. Awazuie mbwa na watoto. Aondoke mahali pale kimya kimya, na akitaka kuhakikisha, atazame kwa mbali sana baada ya saa nyingi kupita, maana mama huweza kukaa mbali mchana kutwa. Na ikiwa amekwisha kumbeba, kama alivyofanya kijana wetu, amrudishe siku hiyo hiyo pale pale alipomtoa, kisha aende zake. Wako wasemao kwamba mnyama akisikia harufu ya mtu humkataa mwanawe daima. Neno hili lisiwe sababu ya kumweka nyumbani. Uchungu wa mama mara nyingi hushinda harufu ya mikono yetu.

Ndege nao ni vivyo hivyo. Kinda asiye na manyoya akianguka, na kiota kikaonekana na kufikika, arudishwe kiotani. Lakini kinda mwenye manyoya, arukaye hatua mbili akaanguka, huyo hajapotea. Yumo katika madrasa yake ya kuruka, na wazazi wake humlisha hapo hapo chini. Akiwa njiani penye paka au magari, awekwe juu ya tawi la karibu, na hilo linatosha. Na akiwa kinda huyo ni wa bundi, tusikubali apigwe mawe eti ni mkosi. Mtume wetu (s.a.w.) alikwisha kuibatilisha itikadi ya nuhusi ya bundi. Ndege huyu hula panya walao mahindi yetu ghalani.

Basi ni yupi aliye yatima kwa kweli? Ni yule ambaye mama yake ameonekana amekufa, kwa gari au kwa tanzi. Au aliaye mfululizo, amedhoofu, nzi wamemjaa. Au mwenye jeraha la wazi. Huyo ahitaji msaada, na hapo ndipo tuingiapo katika sehemu ya pili ya maneno yetu.

Barabara itokayo Lusahunga mpaka Rusumo hupitisha malori mengi usiku na mchana, nayo yakatiza nchi yenye wanyama. Mnyama mdogo akikutwa amegongwa, au ndege amevunjika bawa, kazi yetu si kumtibu bali ni kumhifadhi mpaka afike mwenye ujuzi. Afunikwe kwa kitambaa ili asione, kwani giza humtuliza. Awekwe katika boksi au kikapu chenye mfuniko na matundu ya hewa, mahali pa kivuli, pasipo makelele. Asimiminiwe maji wala uji kinywani, maana mnyama aliyezirai hupaliwa akafa. Asipewe maziwa ya ng'ombe, kwani matumbo ya wengi katika wanyama wachanga wa porini hayayawezi. Asizungukwe na watu wa kumpapasa na kumpiga picha. Sisi twaona kumpapasa ni mapenzi, bali yeye anaona kwamba ameingia katika makucha ya mwindaji, na hofu hiyo peke yake yaweza kumuua.

Lakini wako wanyama ambao hata hayo machache hatuna ruhusa ya kuyafanya. Mtoto wa tembo, wa kiboko, wa nyati, wa simba au wa chui asikaribiwe kabisa, hata akiwa amejeruhiwa. Mama yake akiwa hai atarudi, naye hatauliza nia zetu. Mwenyezi Mungu ametukataza kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu. Hapo tuondoke tukiwa salama, tukumbuke mahali, kisha tupeleke habari.

Na sasa twawaomba wazazi wasikilize kwa makini. Kuna hatari isiyoonekana kwa macho. Mnamo mwezi wa Machi mwaka 2023, maradhi ya Marburg yaliingia kwa mara ya kwanza nchini Tanzania, katika mkoa wetu huu wa Kagera, upande wa Bukoba. Wakahesabiwa wagonjwa 9, na 6 katika hao wakafariki. Mwezi wa Januari mwaka 2025 yakatangazwa tena, safari hii katika wilaya ya Biharamulo yenyewe. Watu 10 wakahesabiwa kuwa walipatwa, na wote 10 wakafariki, mpaka ulipotangazwa mwisho wake tarehe 13 Machi, 2025. Mwenyezi Mungu awarehemu na kuwapa subira jamaa zao. Wataalamu wamekwisha kuthibitisha kwamba vijidudu vya maradhi haya hukaa katika popo walao matunda, wale wapendao mapango, nao popo wenyewe hawaugui. Kwa hiyo popo aliyeanguka, akiwa mzima au mchanga, asishikwe na mtoto wala mtu mzima. Na vijana wasiingie mapangoni kuwatafuta. Kadhalika mnyama aliyekutwa amekufa bila sababu ionekanayo, hasa nyani, tumbili au swala, asiguswe, asichunwe, wala asiliwe.

Kichaa cha mbwa nacho hakimo katika mbwa pekee. Mbweha, nguchiro, na mnyama yeyote anyonyeshaye aweza kuwa nacho. Mnyama wa porini akionekana hamwogopi mtu, anayumbayumba au anatokwa na mate, tusiseme amekuwa mpole. Akimuuma mtu au kumkwaruza, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo muda wa dakika 15, na mtu apelekwe hospitali siku ile ile akachanjwe. Asingoje dawa ya miti, wala asingoje aone dalili. Dalili zikisha kutokea, takriban hapana aponaye.

Turudi kwa mjomba. Yeye alisema mnyama achinjwe, na huenda wasomaji wengine wamesema moyoni kwamba mjomba ana haki, kwa kuwa pongo ni halali. Ni kweli kwamba pongo ni nyama ya halali akichinjwa kisheria. Ni kweli pia kwamba katika Sura ya Al-Maida mnyama aliyeanguka, aliyepigwa au aliyeumwa na mnyama mwingine ameharamishwa, isipokuwa akiwahiwa kuchinjwa angali hai. Lakini uhalali wa nyama ni jambo moja, na uhalali wa njia ya kuipata ni jambo jingine. Mbuzi wa jirani ni halali, wala hapana Mwislamu amchinjaye bila idhini ya jirani. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyama wa porini katika Tanzania Bara ni mali ya umma, dhamana yao iko kwa Rais kwa niaba ya wananchi wote. Kumwua, kumfuga, au hata kukutwa na nyama yake bila kibali ni kosa, na hukumu yake yaweza kuwa kifungo cha miaka mingi. Basi hiyo ni amana ya watu wote, na Mwislamu haili amana. Vijana wangapi wameacha wake na wazazi wakilia kwa sababu ya kipande cha nyama kilichokutwa katika chungu!

Wala mapenzi ya wale wadogo waliotaka kumfuga hayabadilishi hukumu hiyo. Tena twaongeza: mtoto wa tumbili anayechekesha leo, baada ya miaka michache atakuwa na meno marefu na atamwuma mtoto wa nyumba. Na kakakuona, ambaye wengi humdhani kuwa analeta bahati au kutabiri mvua, hula siafu na mchwa tu, na akifungiwa nyumbani hudhoofu akafa. Bahati gani hiyo iletwayo kwa kumtesa kiumbe?

Habari apelekewe nani? Apelekewe mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, naye amfikishie Afisa Wanyamapori wa Wilaya, ambaye ofisi yake imo katika halmashauri, Biharamulo na Ngara pia. Walio karibu na hifadhi wawaambie askari wa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyo chini ya TANAPA. Na katika mapori ya akiba wako watu wa TAWA. Pasipo hao, kituo cha polisi hupokea habari. Tuwaeleze mahali hasa, aina ya mnyama, saa tuliyomwona na hali yake. Yafaa kupeleka habari mapema, kabla ya kumgusa. Maana mtu aliyetoa habari ni msaidizi, na mtu aliyekutwa na mnyama ndani atakuwa na maneno mengi ya kueleza.

Huenda mtu akauliza: mtoto mmoja wa pongo ana thamani gani hata tuandikiwe kurasa? Wazee wa Ngara wanajua jibu. Mwishoni mwa Aprili mwaka 1994, watu zaidi ya 200,000 waliokuwa wakikimbia mauaji ya Rwanda walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco. Wenyeji waliwapokea, na jambo hilo ni fahari ya nchi hii. Lakini watu wengi namna ile walihitaji kuni na kitoweo, na nyama ya porini ikauzwa kambini na vijijini kwa siri baada ya jua kuchwa, hata ikapewa jina la mchicha wa usiku. Wenye njaa walinunua, na wenye tamaa, wakiwamo wenyeji, wakatajirika. Wanyama wa mapori ya Burigi na Biharamulo walipungua sana katika miaka ile. Mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,707. Wanyama wanarudi polepole, mmoja mmoja, kwa kuzaliwa. Basi kila mama aachwaye na mwanawe ni sehemu ya marejeo hayo.

Na tusidhani kwamba mnyama akisha kutolewa porini ni rahisi kumrudisha. Katika kisiwa cha Rubondo, ndani ya ziwa Victoria, si mbali na Biharamulo, kati ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa sokwe kumi na kadhaa kutoka Ulaya. Wengi wao walitekwa wakiwa wachanga katika misitu ya Afrika ya Magharibi, wakakaa miaka katika bustani za wanyama. Profesa Bernhard Grzimek na chama chake cha Frankfurt waliwafungulia kisiwani. Wengi walijifunza upya kutafuta matunda na kujenga viota mitini, na uzao wao ungali unaishi humo mpaka leo. Lakini madume wawili waliokwisha kuwazoea watu waliwashambulia watu, ikabidi wapigwe risasi. Hao hawakuwa na kosa la kuzaliwa nalo. Kosa lilikuwa la mkono wa kwanza uliowatoa kwa mama zao.

Kijana wetu, usihuzunike kwa kumwokota. Wewe ulikosea njia asubuhi, ukarejea jioni, na kurejea ndiko kutakiwako. Mpe bibi yako salamu zetu. Na mjomba wako usibishane naye kwa ukali, maana ni mkubwa wako. Msomee ukurasa huu baada ya chakula, kisha umwachie afikiri.

Nanyi wazazi, watoto wenu wakija mbio na kiumbe mkononi, msiwapige, kwani huruma ni mbegu, na mbegu haipigwi fimbo. Washikeni mkono, mwende nao mpaka pale walipomwokota, mumrudishe pamoja. Njiani wasimulieni habari ya ndege yule na makinda wake wawili.

Mwenyezi Mungu atujaalie mikono inayojua wakati wa kushika na wakati wa kuacha. Amin.